“Mtoto Wako Ameshikwa, Tuma Pesa Sasa”: Jinsi ya Kumjibu Polisi Feki wa Simu

Simu inaita. Nambari huijui. Unapokea, na sauti nzito inakuuliza kama wewe ndiye mzazi wa fulani. Anajitambulisha: yeye ni Sajenti kutoka kituo fulani cha polisi Nairobi. Mtoto wako, anasema, ameshikwa ndani ya gari na mzigo wa bangi. Yuko seli. Bahati nzuri faili bado haijafunguliwa, kwa hivyo anaweza kukusaidia, lakini mkubwa wake akifika ofisini mambo yatakuwa yameharibika. Tuma elfu kumi na tano kwa nambari hii. Na usikate simu.

Kama unaishi Kathonzweni, Mavindini au Kitise, na kijana wako yuko Nairobi au Mombasa kwa kazi ama masomo, simu hii imetengenezwa kwa ajili yako. Wanaoipiga wanajua wazazi wengi wa Makueni wana watoto mjini, na wanajua kutoka Kathonzweni hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100. Huwezi kuvaa viatu ukaenda kuangalia. Unachoweza kufanya haraka ni kitu kimoja tu: kutuma pesa.

Katika makala hii tutafungua simu hiyo kipande kwa kipande, tuone inavyoshika hata watu werevu. Halafu tutakupa jibu moja ambalo linafanya kazi awe anayekupigia ni mkora au ni polisi wa kweli.

Kwa nini tunaingia mtegoni?

Mtu akikupigia akuambie umeshinda milioni moja kwa shindano ambalo hukuingia, siku hizi utacheka ukate simu. Hiyo tumeizoea. Lakini ukiambiwa kijana wako yuko ndani na afande anataka “kitu kidogo” ili amwachilie, hakuna anayecheka. Kwa nini? Kwa sababu inafanana na mambo tunayoyajua. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kesi ndogo inaweza kuishia pale pale kwa chai. Mkora hahitaji kukudanganya sana. Anachukua tu imani uliyo nayo tayari na kuiwekea nambari ya simu.

Kuna jambo la pili: haraka. Kabla M-PESA haijaanza mwaka wa 2007, pesa ya kwenda Nairobi ulimpa mtu anayesafiri, uliiweka kwa basi, au ulienda posta. Ilichukua muda, na ndani ya muda huo ulikuwa na nafasi ya kuuliza watu, kufikiria, hata kubadilisha nia. Leo pesa inafika kabla hujaweka simu chini. Hilo ni jambo zuri sana mtoto anapohitaji karo, lakini pia linamaanisha ile nafasi ya kufikiria haipo tena. Lazima uiweke wewe mwenyewe.

La tatu ni aibu. Mzazi hataki jirani ajue kijana wake yuko seli kwa bangi. Kwa hivyo anaingia ndani ya nyumba, anafunga mlango, anaongea polepole. Hapo ndipo mkora anapomtaka: peke yake, bila mtu wa kumwambia, “Hebu ngoja kwanza.”

Kenya imeishi na wezi wa simu kwa miaka mingi. Kuna wakati simu hizi zilihusishwa sana na wafungwa wa gereza la Kamiti, hadi watu wakaanza kumwita mkora yeyote wa simu “mtu wa Kamiti”. Baadaye jina la Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, likaanza kusikika kila mara kikosi cha DCI kikikamata washukiwa wa wizi wa laini za simu. Wengi wa Mulot ni watu wa kazi zao kama wewe na mimi. Tunataja haya ili ujue kwamba anayekupigia si lazima awe mjinga mmoja aliyebahatisha. Mara nyingi hii ni kazi yake ya kila siku, na anaweza kuwa amepigia wengine hamsini kabla yako.

Simu yenyewe, kipande kwa kipande

Tazama mazungumzo haya ya mfano:

“Mwaitu, uko na kijana huku Nairobi?”

“Eee, niko naye. Ni Mutua?”

“Ndiyo huyo huyo, Mutua. Niko naye hapa kituoni.”

Umeona kilichotokea? Afande hakujua jina. Mama ndiye aliyelitoa. Kuanzia hapo, kila mara akisema “Mutua”, mama anazidi kuamini. Na hilo neno “mwaitu” halikuja bure. Anayeongea Kikamba anaonekana mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hawezi kukuhadaa, au sivyo?

Wakati mwingine anakuwa na jina tayari, na si uchawi. Majina na nambari zetu zimetapakaa kila mahali: kwenye Facebook, kwenye bango la harambee, kwenye vikundi vya WhatsApp vya kanisa na vya shule, kwenye daftari la wageni, kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mzigo uliotumwa kwa basi. Mtu kujua jina lako na la mtoto wako si ushahidi kwamba ni polisi.

Baada ya jina, kwa kawaida hufuata mambo haya:

- Kilio. Unasikia mtu nyuma akilia, “Mama nisaidie!” Simu inakwaruza, sauti haisikiki vizuri. Mtu akiwa na hofu, kilio cha kijana yeyote kinafanana na cha mwanawe.
- Saa. Nusu saa, dakika kumi, “kabla OCS afike”, “kabla gari la kwenda korti liondoke”. Kila mara kuna kitu kinakaribia kufungwa.
- Siri. “Usimwambie mtu, hii ni kitu nakusaidia tu.” Na pia, “Usikate simu.” Ukikata, unaweza kumpigia Mutua.
- Nambari ya mtu binafsi. Ukianza kutuma, jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa. Ukiuliza, jibu liko tayari: “Hiyo ni laini ya karani wetu.” Au ya mke wake. Au ya duka la hapo nje.
- Nyongeza. Ukituma elfu kumi na tano, anarudi baada ya dakika tano. Kuna afisa wa pili ameona. Kuna daktari anahitaji kulipwa. Hawa watu hawaridhiki na mara ya kwanza. Kutuma kwako ndiko kunawaambia kwamba una hofu na una pesa.

Kisa nacho hubadilishwa kulingana na mtu. Mwenye boda boda ataambiwa pikipiki yake imegonga mtu. Mwenye lori ataambiwa dereva ameshikwa na mchanga bila kibali. Muuza mkaa ataambiwa gunia zake zimezuiliwa njiani. Mkulima aliyetoka kuuza ndengu au maembe ana pesa kwa simu, na msimu wa mauzo haufichiki. Wakora wanaujua kama sisi tunavyoujua.

Polisi feki wana nguo nyingi

Si kila simu ni ya mtoto aliyeshikwa. Hizi hapa aina nyingine unazoweza kukutana nazo.

“Laini yako imetumika kwa uhalifu.” Anajiita mpelelezi wa DCI. Anasema kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako na imetumika kuibia watu. Ili “ajiondolee shaka”, anataka nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, PIN, au nambari ya siri ambayo imeingia kwa SMS sasa hivi. Hapa anatafuta funguo za akaunti yako. Mpelelezi hahitaji PIN yako kwa kazi yoyote ile. Hata sisi hatuihitaji. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya malipo anayefaa kukuuliza PIN, awe amekupigia yeye au umempigia wewe.

“Rudisha pesa ya watu au tutakuja kukuchukua.” Kwanza inaingia SMS inayoonyesha umepokea pesa. Halafu mtu anapiga akilia kwamba alituma kimakosa. Ukisita, anapiga “OCS” kukutisha. Soma SMS hiyo tena: ujumbe wa kweli wa M-PESA huja kwa jina MPESA, haujitokezi kwa nambari ya simu ya kawaida. Usitegemee SMS, angalia salio lako mwenyewe kwa *334# au kwa programu ya simu. Na kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie mwenyewe aombe irudishwe kupitia mtandao wake. Kampuni itakuuliza, utakubali, na mambo yatakuwa na rekodi.

“Nina nafasi ya kijana wako kwa polisi.” Msimu wa kuandikisha makurutu ukikaribia, wanatokea “wakubwa” wenye barua za kuuza. Kuandikishwa polisi au jeshini hakulipiwi. Anayekuuzia nafasi ama ni mwizi, ama anakuingiza kwenye kesi ya hongo.

“Tumemshika aliyekuibia.” Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu inamfuata mtu aliyeumizwa tayari. Baada ya kuibiwa, “afisa wa uhalifu wa mtandao” anapiga kusema pesa zako zimepatikana, lakini kuna ada ndogo ya kuziachilia. Mara nyingi ni mkora yule yule, au amepata nambari yako kutoka kwa mwenzake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini India, wezi huvaa sare na kumshikilia mtu kwa simu ya video kwa saa nyingi, wakimwambia kwamba amekamatwa na haruhusiwi kuondoka mbele ya simu. Lilienea hadi Waziri Mkuu Narendra Modi akalizungumzia katika kipindi chake cha redio tarehe 27 Oktoba 2024, akiwaambia wananchi kwamba hakuna idara ya upelelezi inayomhoji mtu kwa njia hiyo wala kumdai pesa kwa simu.

Jibu moja linalotosha

Watu wengi wakishapigiwa hujiuliza, “Huyu ni polisi wa kweli au feki?” Wanaanza kusikiliza sauti, kuuliza nambari ya kazi, kuangalia jina kwenye Truecaller. Lakini jina la Truecaller linaweza kuandikwa na mtu yeyote. “OCS Central” inaweza kuwa kijana aliyelala kitandani. Nambari ya kazi naye ataitunga.

Hebu tuache swali hilo. Fikiria hivi: kama ni mkora, kumtumia pesa ni kuibiwa. Kama ni polisi wa kweli na anataka pesa kwa laini ya mtu ili asifungue faili, basi hiyo ni hongo, na hongo ni kosa kwa anayepokea na kwa anayetoa. Kwa njia zote mbili, jibu ni lile lile: hutumi. Huhitaji kujua yeye ni nani ili ujue la kufanya.

Kwa hivyo mwambie maneno haya, kwa upole tu:

“Asante afande. Nipe jina la kituo na nambari ya OB. Mtu wetu anakuja hapo sasa.”

Halafu kata simu. Usingoje ruhusa. Kukata simu si kosa la jinai.

Mkora hapo huwa mkali, hutukana, au hutishia. Polisi aliye na mtu seli hana sababu ya kukasirika ukimwambia unakuja kituoni. Kituoni ndipo anapofanyia kazi.

Na kama ni kweli ameshikwa?

Hili ndilo swali linalowafanya wazazi watume “kwa usalama tu”. Wanaogopa kwamba wakikosea, mtoto ataumia. Basi ni vizuri kujua sheria inasema nini, kwa sababu ukijua, ile nusu saa ya mkora inakosa nguvu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu aliyekamatwa haki kadhaa. Lazima aelezwe mara moja kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na pia watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Lazima afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeishia wakati korti imefungwa. Na ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia.

Maana yake kwa mzazi aliye Kathonzweni ni nini? Ni kwamba hakuna mlango unaofungwa baada ya dakika kumi. Faili ikifunguliwa, haki ya dhamana bado ipo. Kwenda kortini si mwisho wa dunia, kwa kweli huko ndiko hakimu anaweza kumpa dhamana mbele ya watu wote.

Tena, bondi ya polisi ni bure. Mtu anatia sahihi kwamba atafika kortini. Kama kituo kinataka dhamana ya pesa taslimu, inalipwa rasmi na unapewa risiti, na mshtakiwa akihudhuria kesi hadi mwisho pesa hiyo hurudishwa. Risiti ndiyo kila kitu. Pesa iliyotumwa kwa laini ya “karani” haina risiti, na hakuna hakimu atakayeirudisha.

Sasa, kuhakikisha, fanya hivi:

1. Mpigie mtoto mwenyewe. Akipokea, yameisha. Akikosekana, usikimbilie kuamini. Kuna wakora ambao humpigia mtoto kwanza wakijifanya mafundi wa mtandao na kumwambia azime simu kwa saa moja.
2. Mpigie mtu aliye karibu naye. Anayeishi naye, bosi wake, rafiki wa chuo, ndugu aliye mtaa huo huo.
3. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Eleza ulivyoambiwa na uombe wakusaidie kuwasiliana na kituo kilichotajwa. Au piga 999 au 112.
4. Tuma mtu wa Nairobi afike kituoni akaulize kwa dawati la OB. Hata kama ni jioni. Vituo vya polisi havifungwi.

Na ikiwa ni afisa wa kweli anayetaka chai, kuna pa kumshtaki: IPOA kwa 1559, au EACC kwa 1551. Zote mbili ni bure.

Mipango ya leo, kabla simu haijaita

Hofu ikishaingia, hakuna anayekumbuka makala aliyosoma kwa simu. Kwa hivyo pangeni sasa, mkiwa mmetulia.

- Kila mzazi awe na nambari tatu za watu walio karibu na mtoto wake, zikiwa zimeandikwa kwa karatasi pia. Simu inaweza kuisha moto.
- Chagueni neno la familia. Jina la ng’ombe wa zamani, au la mlima wa nyumbani. Mtu akisema ni Mutua na hajui neno hilo, si Mutua.
- Wekeni kanuni kwamba pesa yoyote ya dharura haitumwi kabla mtu wa pili kusikia hadithi yote. Awe ni mke, mume, ndugu, hata ajenti wako.
- Ukiwa wewe ndiye ajenti, ukimwona mzee anatetemeka, simu iko sikioni na anaagizwa kiasi cha kuweka, muulize tu: “Ni salama, mzee? Unamjua huyu?” Sekunde tano zako zinaweza kuokoa mbuzi wawili.
- Usikope kumtumia mtu aliyekupigia. Mkora akisikia huna salio, atakuelekeza kwa Fuliza au mkopo mwingine wa simu. Hapo utapoteza pesa na ubaki na deni.

Kama umeshatuma

Usijifungie ndani kwa aibu. Dakika za kwanza ndizo muhimu, kwa sababu pesa inaweza kuzuiwa ikiwa bado haijatolewa.

- Kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja kuomba pesa irudishwe, kisha piga huduma kwa wateja. Kwa mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja wake bila kungoja. Pesa ikiwa imeshatolewa, kurudi ni vigumu, kwa hivyo usipoteze muda kubishana na mkora.
- Ulitoa PIN? Ibadilishe sasa hivi, kabla ya kumaliza aya hii.
- Usifute kitu. SMS, nambari aliyokupigia, saa, jina lililotokea wakati wa kutuma: vyote ni ushahidi.
- Ukiwa kwa Safaricom, tuma SMS au nambari ya mkora kwa 333. Ni bure.
- Piga ripoti kituoni na uondoke na nambari ya OB. Unaweza pia kupigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203.

Hata kama ulipoteza mia tano tu, ripoti. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inaadhibu anayetumia utambulisho wa mtu mwingine kwa ulaghai kwa faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini kesi haiwezi kujengwa kama kila aliyeibiwa amenyamaza. Mia tano yako na elfu ishirini za mama wa Kitui zinaweza kuwa zimeingia kwa laini moja.

Mwisho, tuna ombi dogo. Anayehitaji makala hii zaidi pengine hasomi mambo ya mtandaoni: ni mama yako, ni shosho, ni mzee wa jirani mwenye simu ya mulika mwizi. Wikendi hii mpigie, au mkikutana kwa chama mchukue dakika mbili. Mwambie kwamba polisi hawaulizi pesa kwa simu, bondi ni bure, na akipigiwa akate kwanza halafu akupigie wewe. Halafu mchague lile neno la familia.